Vijana wa Maseno na Kazi Zao

Mwezi huu twapenda kuwasimulieni habari za shule moja na vijana waliotoka humo. Shule hiyo ni Maseno, magharibi ya Kenya, si mbali na Kisumu, mahali ambapo mstari wa Ikweta hupita. Mji wenyewe ni mdogo, lakini mtu atakaye kuandika habari za Kenya hawezi kuuruka.

Shule ilianzishwa mwaka wa 1906 na wamisionari wa C.M.S., chini ya J. J. Willis, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa Uganda. Hapo mwanzo waliotakiwa hasa ni wana wa machifu, wafunzwe kusoma, kuandika na kazi za mikono. Wajaluo na Waluhya wakakaa darasa moja. Ilitazamiwa kwamba watatoka humo walimu na makarani, na kweli walitoka. Lakini mtu akiisha kujua kusoma, hasomi yale tu aliyopewa.

Mwaka wa 1920 nchi iligeuzwa kuwa koloni. Watu walilemewa na kodi, na kipande, na kazi za kushurutishwa. Basi mwezi wa Desemba 1921 ulifanyika mkutano mkubwa huko Lundha, katika nchi ya Gem, na walioutengeneza walikuwa walimu waliosoma Maseno. Wakaunda chama, Young Kavirondo Association, na mwenyekiti wake akawa Mwalimu Jonathan Okwiri. Elimu waliyoipata darasani ikawa chombo cha kuyapeleka mashaka ya wazee wao mbele ya serikali.

Mwaka wa 1928 alikuja Carey Francis, mwalimu wa hesabu kutoka Cambridge, akawa mkuu wa shule mpaka 1940. Mmoja wa waliosoma siku hizo ni Oginga Odinga. Alikwenda Makerere, kisha akarudi Maseno kufundisha, na mwaka wa 1947 akaongoza shirika la biashara la Wajaluo, ili watu wajifunze kuweka akiba na kufanya kazi kwa shirika. Kijana mwingine, Achieng Oneko, alihariri gazeti la Ramogi, kisha akashtakiwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta. Mwaka wa 1958, Oneko angali kizuizini, Odinga alisimama katika Baraza la Kutunga Sheria akasema kwamba Kenyatta na wenzake wangali viongozi wa watu. Wakati huo maneno hayo yaliwatisha hata baadhi ya rafiki zake.

Uhuru ulipopatikana, Oneko alikuwa Waziri, na Odinga Makamu wa Rais wa kwanza, tangu 1964 hata alipojiuzulu mwaka wa 1966. Mwaka wa 1969 wote wawili walitiwa kizuizini na serikali ile ile waliyoipigania; Odinga akatoka 1971, Oneko 1975. Twayataja haya kwa sababu hesabu ya vyeo peke yake haimwonyeshi mtu. Yafaa kuuliza pia cheo kilimgharimu nini.

Wengine walishika njia nyingine. Festo Olang', mzaliwa wa upande huo wa Maseno, alikuwa mwalimu, kisha kasisi. Mwaka wa 1955 yeye na Obadiah Kariuki waliwekwa kuwa maaskofu, Waafrika wa kwanza wa Kenya kupata daraja hiyo katika Kanisa la Anglikana, na mwaka wa 1970 akawa Askofu Mkuu wa kwanza wa Kenya. Bethwell Ogot, aliyefariki mwaka wa 2025, alisoma hata Scotland na London. Kisha akawaendea wazee wa Wajaluo, akawasikiliza, akaandika historia yao katika kitabu kilichotoka mwaka wa 1967. Kwa kazi hiyo aliwajibu wale waliodhani kwamba watu wasio na maandishi hawana historia.

Naam, yuko na yule ambaye shule haikummaliza. Barack Obama, baba, aliondoka Maseno kabla ya kumaliza masomo. Akajisomea kwa njia ya barua, na mwaka wa 1959 akaenda chuo kikuu cha Hawaii, kisha Harvard. Mwanawe, mwenye jina lilo hilo, alikuwa Rais wa Marekani tangu 2009 hata 2017.

Wazee wetu husema, mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Hata hivyo, walimu wa Maseno hawakuweza kujua ni yupi atakuwa askofu, na yupi atafungwa kwa ajili ya neno lake. Kwa hiyo, ninyi walimu, msiwafundishe kwa bidii wale tu mnaowaona hodari. Nanyi wazazi, mtoto arudipo likizo, msimwulize nambari yake darasani tu. Mpeni barua ya jirani asiyejua kusoma, amsomee, na amwandikie majibu.