Mashine ya Kusagia Nyama: Tazama Kisu, si Mng'aro

Ndugu zetu askari wa jeshi na polisi, anayekusudia kutumia sehemu ya mshahara wake kununua mashine ya kusagia nyama twamsihi asidanganywe na mng'aro. Kwa jamaa ya watu sita au saba, mashine ya mkono namba 8 au 10 yatosha. Haihitaji umeme, nayo hufungwa ukingoni mwa meza.

Kabla ya kulipa, aifungue. Upande bapa wa kisu sharti ulale sawasawa juu ya kisahani chenye matundu; pakiwa na mwanya, nyama itapondwa badala ya kukatwa, na mishipa itajizonga kisuni. Aulize pia kama visu vya akiba vya namba hiyo hupatikana.

Lililo kubwa ni afya. Vijidudu vilivyo juu ya pande la nyama huingizwa na mashine hadi ndani. Kwa hiyo nyama iliyosagwa ipikwe siku ile ile, iive barabara hadi katikati. Mashine nayo ifunguliwe, ioshwe kwa maji moto na kukaushwa mara moja, kwani chuma chake hushika kutu kikiachwa na majimaji. Askari aliyezoea kusafisha bunduki yake hatashindwa na kazi hiyo.