Programu Kongwe Ndani ya Mashine: Tusingoje Kiza

Tarehe 24 Novemba 2024 ilipita bila kishindo katika nyumba nyingi za nchi yetu, na pengine ndiyo sababu imekwisha kusahauliwa. Haifai isahauliwe. Siku hiyo ilifikia ukomo hesabu iliyofungwa ndani ya mita za umeme za kulipia kabla zinazofuata kanuni ya tarakimu 20, zikiwamo zetu za LUKU. Hesabu hiyo ilikuwa ikienda dakika baada ya dakika tangu tarehe 1 Januari 1993. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba, ambao nao hubonyeza tarakimu 20 za TUKUZA, wanaelewa tunazungumza juu ya kitu gani.

Yafaa jambo lenyewe lielezwe, kwani wengi walibonyeza namba bila ya kujua sababu. Kila tokeni tunayonunua imebeba ndani yake dakika iliyotolewa. Mita huziweka kumbukumbu dakika hizo, na tokeni iliyo ya nyuma kuliko zile inazozikumbuka huikataa, ili mtu asiitumie moja mara mbili. Waliobuni kanuni hii huko Afrika ya Kusini waliitengea hesabu nafasi ya dakika 16,777,216, ambazo ni miaka 32 kasoro kidogo. Nafasi ikijaa, hesabu hurudi sifuri. Basi mita iliyoachwa ilivyo ingeiona tokeni mpya kuwa ni ya zamani za kale, na ingeikataa. Taa zisingezimika saa ile ile ya usiku. Zingezimika siku uniti zilizokwisha kuingizwa zitakapomalizika, kila nyumba kwa siku yake, na kila mmoja angedhani ni mita yake pekee iliyoharibika.

Katika mwaka 2024 shirika la TANESCO liliendesha kazi ya kuzirekebisha mita hizo. Mteja aliponunua umeme alipewa makundi matatu ya tarakimu 20: mawili ya kwanza ya kubadili ufunguo wa siri ulio ndani ya mita, na la tatu la umeme wenyewe. Tarakimu 60 kwa jumla. Kwa kijana wa mjini jambo hili ni la dakika mbili. Kwa bibi wa Kwihara ambaye macho yamepungua nguvu, na ambaye hutumiwa tokeni kwa simu na mwanawe aliye Dar es Salaam, hiyo ni kazi ya kumwita mjukuu wa jirani. Kadhalika, tokeni ya zamani iliyonunuliwa ikawekwa akiba haifanyi kazi tena ufunguo ukishabadilishwa. Mambo haya madogo ndiyo yanayomfanya mwananchi alipokee badiliko kwa imani au kwa shaka, na ofisi zetu zina desturi ya kueleza kitufe cha kubonyeza kuliko kueleza kwa nini kibonyezwe.

Hata hivyo ni lazima tuseme ukweli kwamba kazi ile ilichaguliwa kwa busara. Haikuhitaji fundi kupanda kila nguzo wala kufungua kila mita. Ilipitia mlango ambao wabunifu walikuwa wameuacha tangu mwanzo, yaani ule ule wa kuingizia tarakimu. Mita ambazo hazikuwa na mlango huo hazikuwa na dawa ila kung'olewa na kuwekwa nyingine. Tofauti ya gharama baina ya njia hizi mbili haihitaji mhasibu kuieleza.

Tumeitaja Kwihara kwa makusudi. Kijiji hiki kilicho karibu na mji wa Tabora kilikuwa kituo kikubwa katika njia ya misafara iliyotoka Zanzibar na Bagamoyo kwenda Ujiji. Hapa Unyanyembe ndipo wapagazi wa pwani walipolipwa, mizigo ikafunguliwa na kufungwa upya, na watu wapya wakaandikwa kwa safari ya mbele. Dr. Livingstone aliagana na Stanley tarehe 14 Machi 1872, akakaa Kwihara hadi tarehe 25 Agosti, akingoja wapagazi walioandikwa Zanzibar. Zaidi ya miezi mitano! Lakini mwenye msafara alijua kwamba mahali pa kutengeneza mambo ni kituoni, penye chakula na maji na watu, wala si katikati ya pori.

Na nyumba aliyokaa, ambayo leo ni makumbusho, ni tembe. Wenyeji wa mikoa yetu ya kati na magharibi wanalijua paa la tembe: miti imelazwa, juu yake fito na majani, kisha udongo. Linapovuja mwenye nyumba huongeza udongo. Mwaka wa pili huongeza tena. Paa halivuji, lakini uzito unazidi, na miti iliyo chini, ambayo haionekani, ni ile ile ya siku ya kwanza. Mjuzi hupanda akagonga miti kabla ya mvua, akaamua kama mwaka huu ni wa kutia udongo au wa kulivua paa zima. Programu iliyo ndani ya mashine huzeeka kwa namna hiyo. Yenyewe haishiki kutu wala hailiki kama reli. Kinachozeeka ni vile inavyovitegemea: hesabu iliyotengewa nafasi ndogo, ufunguo wa siri uliokaa mno, kipuri ambacho kiwanda kimeacha kukitengeneza, na yule fundi pekee aliyejua ilivyoandikwa ambaye amestaafu. Viraka juu ya viraka huficha hayo yote.

Wananchi wa Visiwani hawahitaji kufundishwa gharama ya kungoja. Waya wa umeme uliopitishwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba ulianza kazi mwaka 1980. Mwezi Mei 2008 Unguja ilikosa umeme kwa karibu mwezi mzima, na tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 ikawa kizani tena kwa miezi mitatu. Waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 ulianza kutumika mwaka 2013. Umri wa ule wa kwanza haukuwa siri kwa mtu yeyote. Ulioutangulia mwingine ni ubovu, si uamuzi. Huo ulikuwa waya, kitu kinachopimwa na kushikwa. Itakuwaje kwa kitu kisichoonekana?

Lakini haraka nayo ina maafa yake. Nchini Canada palitengenezwa mashine ya kutibu saratani kwa mionzi iitwayo Therac-25. Ndani yake ziliingizwa sehemu za programu ya mashine zilizotangulia, kwa kuaminiwa kwamba zimekwisha kuzoeleka. Hawakutambua kwamba katika mashine za awali palikuwa na vizuizi vya chuma na umeme vilivyokuwa vikifunika makosa ya programu, na katika mashine mpya vizuizi hivyo viliondolewa. Baina ya 1985 na 1987 wagonjwa 6 walipigwa mionzi kupita kiasi, na baadhi yao wakafa. Kwa hiyo anayesema "ya zamani imetufaa, tuihamishe tu" na anayesema "tutupe yote tuanze upya" wote wawili wanapaswa kuulizwa swali moja: nani amekaa akaorodhesha yale ambayo programu ya zamani ilikuwa ikiyafanya, na yale ambayo ilikuwa ikikingwa nayo?

Kwa maoni yetu, uamuzi wa kuacha, kutia kiraka au kubadili hauwezi kufanywa na ofisi isiyojua ina nini. Hospitali ya wilaya ina mashine ngapi zenye programu ndani? Pampu za maji? Ishara za treni za SGR, zilizoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024? Badiliko lianzie mtaa mmoja, likae mwezi, litazamwe, na ile ya zamani isitupwe mpaka mpya imethibitika.

Tarehe nyingine inakuja, nayo inajulikana hata kwa sekunde. Mashine nyingi huhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, na zile zilizoitengea hesabu hiyo nafasi finyu zitafikia ukomo tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za kwetu. Kifaa kitakachonunuliwa kwa bajeti ya mwaka ujao na kutarajiwa kudumu miaka 15 kitaikuta siku hiyo kikiwa kazini. Ofisa anayeandika zabuni anaweza kuongeza mistari miwili katika karatasi yake: kifaa hiki kinahesabu siku mpaka lini, na programu yake itarekebishwa kwa njia gani bila ya kukifungua. Muuzaji asiyeweza kujibu kwa maandishi asipewe kazi.