SHINGO YA MASHINI YA KUCHEZEA: IKILEGEA, FANYA NINI?



Wengi wenu munajua kisa cha ile mashini ndogo ya kuchezea iliyoharibika katika nyumba yetu ya kulala. Wengine wanasema Kapita aliivunja kwa hasira. Si kweli. Niliivunja kwa kutojua, na zaidi kwa kutosikia. Ndiyo sababu nimeomba nafasi katika gazeti letu, nieleze namna mashini ya namna hii inavyoshikamana, namna inavyoharibika, na namna ya kuiokoa mbele mambo hayajafika mbali.

Ilikuwa hivi. Saa ya kujifunza magaribi nilimukuta mdogo wetu mmoja wa darasa la chini anacheza chini ya meza. Nikaichukua, kama sheria inavyosema, mpaka siku ya posho. Akaniambia kwa heshima: «Yaya Kapita, tafazali usiifungefunge, iko mugonjwa pa shingo.» Mimi nikafikiri anatafuta maneno tu. Usiku ule nikaonyesha rafiki zangu: fungua, funga, fungua, funga. Kila mara nilisikia kitu kinalia ndani kama changarawe. Asubuhi niliiwasha: kioo cha chini kizuri, kioo cha juu cheupe kabisa, bila picha. Ile mashini mjomba wake aliituma kutoka Ubelgiji.

Basi tuanze na mashini yenyewe. Jina lake ni Nintendo DS Lite, ya Japani, ilianza kuuzwa mwaka 2006. Iko na vioo viwili, kimoja juu, kingine chini, na inakunjwa kama kitabu. Watu wa Nintendo walikuwa wamekwisha kuuza mashini za kukunja zenye vioo viwili tangu mwaka 1982, katika jamii ya Game & Watch. Kisha ikaja Game Boy Advance SP mwaka 2003, DS ya kwanza mwaka 2004, na 3DS mwaka 2011. Za jamii ya DS peke yake waliuza zaidi ya milioni 154. Utengenezaji wa 3DS nao ulisimama mwaka 2020, kwa hiyo mashini hizi zote ni za zamani sasa. Anayetafuta kipande anakitoa katika mashini nyingine iliyokufa, ao anapata cha kuiga.

Kukunja kuko na faida: vioo vinafichwa, havikwaruziki mfukoni. Lakini kila kitu kinachokunjwa kiko na shingo, na shingo ndiyo inayobeba taabu yote. Hiyo shingo ndiyo bawaba.

Hapa kuko jambo ambalo sikulijua. Mimi nilifikiri bawaba zote ni kama bawaba ya mlango. Sivyo. Bawaba ya mlango kazi yake ni kuacha mlango upite bila kuzuiwa. Ikikwama, unatia mafuta. Lakini bawaba ya mashini hii kazi yake ni KUSHIKA. Ukifungua kifuniko, kinapaswa kusimama pale ulipokiacha, kisianguke mbele wala nyuma. Ndani yake kuko kijiti kifupi chenye chemchemi ya chuma. Chemchemi inasukuma vipande viwili vigumu, vyenye kilima na bonde, vikandamizane. Ukifungua, kilima kinapanda, kikifika mahali pake kinaangukia katika bonde, unasikia «kak!», na kioo kinasimama. Kwa hiyo ni kule kukandamizana na kusuguana kunakoshika kioo. Ukitia mafuta, umeondoa kitu kile kile unachokitafuta. Tena mafuta yanashika vumbi, na mafuta mengine yanazidisha nyufa za plastiki.

Fundi mmoja wa simu katika soko la Kadutu alinifungulia ile mashini mbele ya macho yangu, akanionyesha sababu tatu zinazoweza kulegeza shingo.

1. Vise zimelegea. Hii ndiyo nyepesi. Ukishika kifuniko unaona pande mbili za plastiki, ya mbele na ya nyuma, zinaachana kidogo. Lakini «kak!» bado inasikika vizuri.

2. Plastiki imepasuka. Kijiti kile kinakaa katika tundu la plastiki, na plastiki ya pale ni nyembamba. Tazama pembe ya bawaba kwa taa: utaona mstari mwembamba kama unywele. Kioo kinainama upande mmoja. Hapa ndipo ilipokuwa ya mdogo wetu, kwa sababu ilikuwa imeanguka kutoka kitanda cha juu.

3. Kijiti chenyewe kimekwisha. Plastiki nzima, vise nzima, lakini «kak!» haiko tena na kioo kinaanguka chenyewe.

Kwa nini plastiki inapasuka hata bila kuanguka? Kumbukeni somo la fizikia, nyenzo. Ukisukuma kifuniko kwenye ukingo wake, uko mbali na bawaba, na nguvu ndogo ya kidole inakuwa kubwa pale shingoni. Mashini nzima ni gramu 218 tu, lakini yule anayeinyanyua kwa kushika kifuniko peke yake anatundika uzito wa upande wa chini kwenye tundu lile jembamba. Na anayelazimisha kioo kirudi nyuma kupita mwisho wake anafanya kama anayevunja kuni kwenye goti.

Sasa, neno kubwa zaidi. Ndani ya shingo hiyo hiyo unapita utepe mwembamba sana, mafundi wanauita nape. Unabeba picha kutoka chini mpaka kioo cha juu. Shingo ikiwa nzima, utepe unajikunja polepole bila shida. Shingo ikilegea, kifuniko kinacheza, na utepe unavutwa na kusagwa kwenye ukingo wa plastiki. Siku moja unakatika. Katika DS Lite utepe huo umeungana na kioo cha juu, kwa hiyo ukikatika, kioo chote kinabadilishwa. Mnaona? Kulegea siyo ugonjwa mwenyewe, ni onyo. Ugonjwa unakuja nyuma yake.

Basi ukiona shingo imelegea, fanya hivi:

Kwanza, acha kukunja. Ukiweza, iache wazi kwenye pembe moja, mahali ambapo haitaangukiwa na kitu. Hii peke yake inaweza kuokoa utepe kwa siku nyingi.

Pili, zima mashini, ondoa batri mbele ya kufungua kitu chochote. Kifuniko cha batri kiko na vise moja ya msalaba. Vise nyingine za mwilini ziko na kichwa cha mabawa matatu, zinadai turnevisi yake. Usitumie kisu. Kisu kinakula kichwa cha vise, kisha hata fundi hataweza. Zile za kifuniko cha juu zimefichwa chini ya mipira midogo.

Tatu, kama ni vise tu, kaza mpaka ikatae kidogo, halafu simama. Zinaingia katika plastiki. Ukizidisha, unakula njia yake nayo haitashika tena.

Ine, kama ni ufa mdogo, usikimbilie ile kole inayokauka mara moja. Ni nyepesi kama maji, inatiririka mpaka ndani ya kijiti na kugandisha bawaba yote. Mvuke wake pia unatia weupe kwenye plastiki. Afazali kole ya tibu mbili zinazochanganywa, kidogo sana, kwa ncha ya kijiti cha meno, juu ya ufa tu, siyo mahali panapozunguka. Iache siku nzima bila kuigusa. Hii si dawa ya kudumu, ni bandeji.

Tano, kama tundu limevunjika ao kijiti kimekwisha, dawa ni kubadilisha. Peleka kwa fundi. Utepe unapaswa kuviringishwa kama sigara ili upite katika tundu la bawaba, na mkono usiozoea unaukata pale pale.

Mimi nilifika kwa fundi nikiwa nimechelewa. Alinitazama akauliza: «Mwenyewe hakukuambia kitu?» Sikuwa na jibu.

Nilikwenda kumwambia Bwana Prefe mbele hajasikia kwa wengine, kisha nikamwita mdogo wetu. Hakulia. Aliuliza tu: «Itapona lini, yaya?» Mpaka leo kioo cha juu ni cheupe. Fundi anangoja kupata nyingine iliyokufa upande wa chini, atoe kioo chake. Kila juma ninaweka franga kidogo juu ya kazi hiyo, na mbele ya mitihani ya mwisho ninataka deni hilo liishe.

Kwa wakapita watakaokuja nyuma yangu ninasema hivi: kitu unachomnyang'anya mwenzako kwa sheria bado ni chake. Kikiwa mkononi mwako, wewe ni mlinzi wake. Na mwenye kitu akikuambia kiko mugonjwa pa shingo, musikilize.



Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho