Pua ya Ukweli na Pua ya Gundi

Hapa Uvira ndai yenye pua, yaani skupu ya hewa juu ya kapo, ina heshima yake. Hilux ya D-4D ikiingia kutoka Kamanyola, skupu imekaa katikati ya kapo, bajeune ba Kavimvira wote wanageuza shingo. Na ile pua inachapa kazi: chini yake kuna intakula imelala juu ya moteri, inapoza hewa ya turbo kabla haijamezwa. Subaru za turbo zinazosumbua usingizi Nairobi ziko vilevile.

Noma ni pua ya gundi. Plastiki na tepu ya pande mbili, halafu kapo yenyewe haina hata tundu la msumari. Msee anaipaka nyeusi, anaanza kuongea mambo ya spidi!

Wamarekani nao walicheza hiyo sinema. Pontiac GTO ya 1964 ilitoka kiwandani na skupu mbili zilizozibwa, urembo mtupu. Lakini kwenye mbio za mstari mnyoofu, mita 402, wasimamizi wake, NHRA, hawana utani. Darasa la Stock, skupu iwe ile iliyokuja na modeli hiyo kutoka kiwandani. Ukibandika ya kwako, mkaguzi anakutoa. Super Stock ndiyo wanalegeza. Kwenye Super Stock hiyo, mwaka uleule wa 1964, Ford Thunderbolt iling'olewa taa mbili za mbele za upande wa ndani ili hewa ipitie pale hadi kwenye moteri. Dodge Dart Hemi ya 1968 ikaja na kapo ya faibaglasi, skupu kubwa juu, na garanti sufuri. Wajanja kweli.

Sheria kali hivyo kwa sababu hewa baridi ni nguvu. Upepo wenyewe unasukuma kidogo sana: kwa kilomita 100 kwa saa haufiki hata nusu asilimia ya presha ya kawaida. Ila hewa ya nyuzi 30 ni nzito kwa karibu asilimia 10 kuliko ile ya 60 inayozunguka moteri. Hapo ndipo mchezo uko.

Sasa leta tundu wazi kwenye bonde la Ruzizi kiangazi, lile vumbi unalijua. Kwenye barabara ya RN5 mimi naangalia filta kwanza, pua baadaye. Na kama kapo haina tundu, mukubwa, tepu hiyo peleka kwenye dirisha linalovuja.