Mpaka haufuti siku

"Kaka, mama akienda London wikiendi moja akarudi, siku zake si zinaanza upya?" Swali hili limenifikia kutoka Hamburg, limenifikia kutoka Antwerp, na kila anayeliuliza huwa tayari ana jibu lake, anachotafuta ni mtu wa kuitikia. Jibu ni hapana. Lilikuwa hapana mwaka jana, na litabaki hapana hata kama wakala aliyemwambia vinginevyo amevaa tai.

Kisa chenyewe nakijua kabla sijasimuliwa. Mtu anaishi Ujerumani au Ubelgiji kwa kibali chake halali, anamwita mama kutoka Moshi au Kisumu aje kumwona mjukuu. Mama anapewa viza ya Schengen ya mwaka mmoja, ya kuingia mara nyingi. Familia inasoma tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, inashangilia, na mama anapangiwa malezi ya mwaka mzima. Kile kisanduku chenye namba 90 hakisomwi na mtu. Zile tarehe mbili zinasema viza inatumika kuanzia lini mpaka lini. Kisanduku ndicho kinachosema utakaa siku ngapi. Hata ukipewa viza ya miaka mitano, kanuni ni hiyohiyo: siku 90 ndani ya siku 180 zozote, na nchi zote 29 za Schengen zinahesabiwa kama nchi moja.

Hiyo 180 ndiyo inayowapoteza watu. Si Januari hadi Juni, kisha Julai hadi Desemba. Unasimama kwenye siku ya leo, unahesabu kurudi nyuma siku 180, leo ikiwemo, halafu unajiuliza: katika siku hizo, nilikuwa ndani ya Schengen siku ngapi? Kesho unahesabu upya ukianzia kesho. Chukulia daladala yenye viti 90. Kila siku uliyokaa imepanda na kukalia kiti, na haishuki mpaka itimize siku 180 tangu ipande. Kwenda London ni gari kusimama kituoni tu. Abiria wote wamo.

Tufanye hesabu, maana maneno matupu hayawatoshi mawakala. Mama aliingia Frankfurt 1 Machi. Siku yake ya 80 ni 19 Mei, na siku hiyo anatoka kwenda London (kwa viza nyingine ya Uingereza, na gharama nyingine, jambo ambalo wakala hulitaja mwishoni). Anarudi 26 Mei. Amebakiwa na siku ngapi? Kumi. Zitaisha 4 Juni. Siku ya kutoka na siku ya kuingia zote mbili zinahesabiwa, hata kama ndege ilitua saa sita kasoro dakika tano usiku. Alichopata London ni picha za daraja na siku sita zisizohesabiwa. Na kama viza yake ingekuwa ya kuingia mara moja tu, asingerudi kabisa.

Kuna matoleo mengine ya dawa hii. "Mpeleke Uswisi, si Umoja wa Ulaya." Kweli si Umoja wa Ulaya, lakini imo Schengen, umemtembeza mama mle mle. "Mpeleke Kroatia." Kroatia imeingia Schengen tangu 1 Januari 2023. Bulgaria na Romania zilikamilisha, mipaka ya nchi kavu ikiwemo, 1 Januari 2025. "Abadilishe pasipoti, muhuri wa zamani upotee." Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu linamfundisha mzee mwaminifu kujificha. Tangu 12 Oktoba 2025 Schengen imeanza kuandika kuingia na kutoka kwa kompyuta badala ya muhuri, na kazi ilipangwa kukamilika 10 Aprili 2026. Alama za vidole mama alizitoa siku alipoomba viza. Pasipoti itabadilika, vidole ni vyake vilevile, na mashine yenyewe ndiyo inayomtaja aliyepitiliza.

Imani hii haikuzuka hewani, nakubali. Waliokaa Dubai wanakumbuka kutoka kwenda Oman na kurudi na viza mpya. Na Schengen yenyewe, kabla ya 18 Oktoba 2013, ilihesabu kipindi cha miezi sita kuanzia siku ya kuingia kwa mara ya kwanza, hivyo mjuzi wa kalenda aliweza kuunganisha mwisho wa kipindi kimoja na mwanzo wa kingine. Mjomba aliyekushauri huenda alifanikiwa kweli, enzi hizo. Kanuni ilibadilishwa, mjomba hakuambiwa.

Akipitiliza sasa? Faini, au marufuku ya kuingia nchi zote za Schengen, au ombi lijalo la viza kukataliwa, na ada ya euro 90 haimrudii.

Haya, yanayowezekana. Akiwa amemaliza siku 90 mfululizo kuanzia 1 Machi, yaani ameondoka 29 Mei, anaweza kuingia tena 28 Agosti na kukaa 90 nyingine, ilimradi viza ingali hai. Tumieni kikokotoo cha bure cha Tume ya Ulaya, si vidole. Akilazwa hospitali au safari za ndege zikisimama, nendeni ofisi ya wageni ya mji wenu kabla siku zake hazijaisha, na vyeti mkononi: kuongezewa muda kwa sababu kama hizo ni bure, kwa sababu nzito za binafsi ni euro 30, na kumzoea mjukuu si sababu nzito. Bima yake ya safari nayo iongezwe muda. Anayetaka kukaa kwa muda mrefu aombe viza ya kitaifa ya muda mrefu, kwa kawaida akiwa bado nyumbani. Siku za viza hiyo au za kibali cha ukaazi haziingii kwenye zile 90. Ujerumani, wewe mwenye ujuzi uliyepata kibali chako cha kwanza cha ukaazi wa aina hiyo tarehe 1 Machi 2024 au baadaye, unaweza kuomba wazazi wako wahamie kwako, ila uoneshe kipato cha kuwatunza na bima ya afya yao, na bima ya mtu wa miaka sabini ndiyo inayowakwamisha wengi, kwa hiyo anza kuitafuta hiyo kabla ya fomu yoyote. Tiketi ya kurudi msiikate siku ya 90. Kateni siku ya 86, maana wafanyakazi wa viwanja vya ndege vya Ulaya hugoma, na kugoma kwao ni rahisi kukueleza ofisi ya wageni kukiwa bado na siku mkononi.