Kikokotoo na Uhai wa Mfuko wa Pensheni

Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma Tanzania, PSSSF, ulianza kazi Agosti 2018 baada ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF kuunganishwa. Unategemea michango, asilimia 20 ya mshahara (mtumishi 5, mwajiri 15), pamoja na faida ya uwekezaji. Michango ikichelewa, ahadi kwa wastaafu hubaki palepale.

PSPF iliingia katika muungano huo na deni zito. Watumishi wa serikali kuu walianza kuchangia mwaka 1999, ilhali mafao yao yalihesabu hata miaka ya nyuma isiyochangiwa. Pengo hilo lilikuwa la Serikali kuliziba, nayo ilichelewa mno: hatifungani maalumu za shilingi trilioni 2.17 za kulipia sehemu ya deni hilo zilitolewa mwishoni mwa 2021. Si haki mzigo wa namna hiyo kumwangukia mstaafu.

Lakini kikokotoo cha zamani, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, nacho kilikuwa na kasoro. PSPF na LAPF zilizidisha mshahara wa mwaka kwa miezi ya utumishi, zikagawanya kwa 540, kisha nusu ya pensheni hiyo ikazidishwa mara 15.5 na kulipwa kwa mkupuo. Mtumishi wa miaka 30 mwenye wastani wa shilingi milioni 1 kwa mwezi alipata mkupuo wa milioni 62 na takriban 333,000 kila mwezi hadi kufa. Michango yake, hata kama mshahara ungekuwa huo tangu siku ya kwanza, ni milioni 72 kabla ya faida.

Kanuni za 2018 zilileta kigawanyo cha 580, kizidisho cha 12.5 na mkupuo wa asilimia 25. Malalamiko yalikuwa makubwa, na Desemba mwaka huohuo Rais Magufuli akazisitisha. Julai 2022 kigawanyo na kizidisho hivyo vilirejea, mkupuo ukawa asilimia 33. Mwaka 2024 ukapandishwa hadi 40 kwa kundi lililozoea nusu. Mtumishi yuleyule sasa hupata kama milioni 37, na 372,000 kwa mwezi. Nyongeza hiyo ya 39,000 ingechukua zaidi ya miaka 50 kufidia kilichopungua kwenye mkupuo.

Anayeumia zaidi ni aliyebakiza miaka miwili kustaafu na tayari ameshapiga hesabu ya nyumba na ada. Kijana aliyeajiriwa jana anao muda wa kujipanga, na michango yake ndiyo inayolipa wastaafu wa leo. Kwa hiyo viwango vipya vilistahili kuanzia kwake na kupanda ngazi taratibu. Njia hiyo hupunguza mzigo polepole, na huwezekana tu pale tathmini ya uhai wa mfuko inapofanywa kabla akiba haijakauka.