Udongo Nao Huona Njaa

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo watu wengi wa mjini wanalo moyoni, hasa mwisho wa mwezi mwenye nyumba anapobisha mlango: kuacha mji, kurudi nyumbani, na kuanza shamba dogo lisilotegemea mbolea ya chumvi wala dawa za dukani. Siku hizi twaita kilimo hai. Ni jambo jema. Lakini kabla sijalisifu, yanipasa kukiri kosa langu.

Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipokuwa umefunga viwanda na hoteli, na makanisa yalipofunguliwa tena, nilihubiri Nairobi nikawahimiza watu warudi mashambani. Nilisema udongo haumfukuzi mtu kazi. Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi, nami nikashuka mimbarani nimejifurahia sana.

Kati ya waliosikia alikuwako ndugu mmoja, karani wa stoo katika Eneo la Viwanda, ambaye kazi yake ilikuwa imekwisha. Alichukua kiinua mgongo chake, mkewe na watoto watatu, wakaenda Butere kwenye ekari moja na nusu aliyoachiwa na baba yake. Miaka miwili baadaye nilimtembelea. Aliniwekea kiti chini ya mwembe, mkewe akaleta chai, kisha akasema kwa upole, "Mchungaji, ulisema udongo haumfukuzi mtu kazi. Mbona huu unanifukuza?"

Nikayatazama mahindi yake. Yalikuwa yamefika magotini tu, na majani yamegeuka manjano. Katikati yake palikuwa na maua mazuri ya rangi ya waridi, ambayo mgeni angedhani yamepandwa kwa kupendeza. Yale ni maua ya kiduha, gugu ambalo Wajaluo huliita kayongo. Mizizi yake hunyonya mizizi ya mahindi chini ya ardhi, na mmea mmoja humwaga maelfu kwa maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi, ambazo hukaa udongoni miaka mingi zikingoja mahindi mengine.

Ndugu zangu, mimi si bwana shamba. Chuoni nilisoma Kigiriki na namna ya kuhubiri. Niliyoyajua baadaye niliyapata kwa bwana shamba wa huko, na zaidi kwa jirani yake, mama mmoja mjane, ambaye alikuwa akilima hivi kabla sisi hatujalipata jina lake.

Shamba lile lilikuwa limepandwa mahindi msimu baada ya msimu kwa miaka kama thelathini. Kila mara liliwekwa mbolea ya DAP, mabua yakaliwa na ng'ombe au yakachomwa moto, na hakuna kitu kilichorudishwa. Mbolea ile ikitumiwa peke yake miaka mingi huzidisha asidi katika udongo. Basi huyu ndugu alipofika na kuacha mbolea ghafula siku moja, mahindi hayakuwa na kitu cha kula. Ni kama kumwachisha mtoto maziwa kabla uji haujaiva.

Tena alifanya kosa ambalo watu wengi wenye nia njema hulifanya. Alisikia kwamba takataka za shamba ni mbolea, akafukia mabua makavu wiki tatu kabla ya kupanda. Udongoni mna vijidudu visivyoonekana kwa macho, navyo ndivyo vinavyoozesha kila kitu. Bua kavu kwao ni kama ugali kwetu: ugali hauliwi bila kitoweo, na kitoweo chao ni naitrojeni. Bua la mahindi lina kaboni kama sehemu 60 kwa sehemu moja ya naitrojeni, hali vijidudu hupenda 25 hadi 30 kwa moja. Wakikosa kitoweo ndani ya bua huchota kile kilichomo udongoni, ambacho mahindi yangekula. Ndiyo sababu ya ule umanjano. Mabua hayakuwa mabaya. Yalifukiwa kabla ya kuoza.

Yule mama mjane alinipeleka nyuma ya jiko lake akanionyesha lundo. Chini kabisa huweka vijiti vinene ili hewa ipite. Juu yake tabaka la mabua na nyasi kavu kiasi cha shubiri, kisha majani mabichi, kisha samadi, kisha majivu kidogo na udongo kidogo, na kila tabaka hunyunyiziwa maji. Hurudia hivyo mpaka lundo lifike kifuani, halafu hulifunika kwa majani ya mgomba. Majani mabichi anayoyapenda ni ya alizeti mwitu, ule mmea wa maua ya njano uotao kando ya njia kote magharibi ya Kenya, ambao watu huukata na kuutupa. Una naitrojeni nyingi, nao huoza upesi.

Kisha huchomeka fimbo ndefu kwa mshazari mpaka katikati. Baada ya siku tatu au nne huichomoa na kuishika. Ikiwa moto na yenye unyevu, kazi inaendelea. Ikiwa baridi, kuna kilichokosekana, samadi au majani mabichi. Ikiwa kavu yenye ukungu mweupe, lundo lina kiu. Baada ya wiki tatu hulipindua, na baada ya tatu nyingine tena. Kwa muda wa miezi mitatu hivi hugeuka udongo mweusi unaonukia kama msitu baada ya mvua. Miezi mitatu, wapenzi! Na huyu ndugu yetu alitaka kula katika msimu wa kwanza.

Juu ya kiduha, dawa yake ilipatikana hapa hapa kwetu. Miaka ya 1990, watafiti wa ICIPE kule Mbita, kando ya Ziwa Victoria, wakishirikiana na wenzao, walitengeneza njia ya kupanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi na matete ya Napier kuzunguka shamba. Harufu ya desmodiamu humfukuza nondo wa funza wa mabua, na matete humvuta akatage huko, ambako funza wengi hufa. Walishangaa kuona kiduha nacho kinatoweka. Mizizi ya desmodiamu huziamsha mbegu za kiduha zikaota, kisha huzizuia kushika mizizi ya mahindi, nazo zikafa. Tena desmodiamu huongeza naitrojeni na kulisha ng'ombe. Ila mbegu yake ni ndogo na huanza polepole. Mwanzoni itakutaka upalilie kwa mkono kwa uvumilivu.

Katika Walawi sura ya 25 Waisraeli waliagizwa waipumzishe ardhi kila mwaka wa saba. Nimeihubiri sura hiyo mara nyingi bila kufikiri mtu wa ekari moja na nusu atakula nini mwaka huo. Nilipaswa siku ile kuwasomea Luka 14, juu ya mtu aketiye kwanza kuhesabu gharama ya mnara. Ningemwambia huyu ndugu aanze na robo ekari, apime udongo, atie chokaa ya shambani ikihitajika, na sehemu iliyobaki ailime kama baba yake alivyoilima, hata kwa mfuko wa DAP, mpaka lundo litoshe. Najua wako wapenda kilimo hai watakaonikasirikia kwa neno hilo. Lakini wao hawakuketi chini ya ule mwembe.

Wala asitegemee bei kubwa mara moja. Afrika Mashariki ilipata kanuni zake za mazao hai mwaka 2007, na alama yake ya Kilimohai, nazo husaidia pale penye wanunuzi wa kuiulizia. Katika soko la Butere sijamsikia mtu akiiulizia. Huuliza fungu ni shilingi ngapi.

Aliyeiokoa nyumba ile ni mkewe. Mumewe akihuzunikia mahindi, yeye alitengeneza vitalu karibu na mlango, akavitia mboji aliyopewa na yule mjane, akapanda kunde, managu na saga. Majani ya kunde huchumwa baada ya wiki tatu au nne, hayangoji mwisho wa msimu. Siku za soko alibeba karai kichwani, na hivyo wakala, na udongo wa mahindi ukapata nafasi ya kupona.

Nilikwenda tena hivi karibuni. Mahindi yamenipita urefu, ingawa kona moja bado ina kiduha. Karo ya muhula ilitoka nusu kwa mboga, nusu kwa shangazi ya watoto aliyeko Nairobi. Alichomoa fimbo kwenye lundo akanipa niishike. Ilikuwa moto hata nikaiachia. Tulipokuwa tukiagana aliniomba jambo moja tu, kwamba nisilirudie tena lile neno langu la mimbarani. Nimemwahidi.